Bingwa wa Pikipiki na Mbu wa Lubumbashi

Ndugu msomaji, kama unakaa Rungwe unayajua matope. Mvua ikianza Novemba haituachi mpaka Mei, na hata baada ya hapo manyunyu yapo. Njia ya kwenda nyumbani kwako inateleza kama sabuni. Umemwona kijana wa bodaboda akipandisha kilima na mikungu minne ya ndizi nyuma yake. Tairi linazunguka mahali pamoja, matope yanaruka, naye anateremka na kusukuma. Bila shaka umesema moyoni: kazi hii ni ya hatari.

Mimi ni bwana shamba. Nazunguka vijijini kwa pikipiki kuangalia chai, ndizi, viazi na maparachichi yenu. Nimeanguka mara nyingi kuliko nilivyoandika kwenye ripoti zangu. Kwa hiyo siku moja nilipowakuta vijana wa bodaboda pale Katumba wamekusanyika kwenye simu moja, wakitazama watu wanaoshindana kwa pikipiki matopeni, nilisimama nami nikatazama. Kijana mmoja akaniuliza: "Bwana shamba, hawa watu wanalipwa kwa kuanguka?"

Nilimjibu kwamba wanalipwa kwa kutoanguka. Kisha nikawaeleza habari za mtu mmoja, Stefan Everts wa Ubelgiji. Nataka kukueleza na wewe habari hiyo. Inaanzia Ulaya, lakini mwisho wake unatugusa sisi tunaopanda na kushuka kati ya Tukuyu na Kyela.

MBIO ZENYEWE

Mbio hizi zinaitwa motokrosi. Hazikimbizwi barabarani. Uwanja wake ni shamba lenye vilima, mashimo, mchanga au matope, na matuta makubwa ya kurukia. Washindani wapatao 40 hujipanga mstari mmoja nyuma ya kizuizi cha chuma. Kizuizi kikianguka, wote hukimbilia kona ya kwanza, nayo ina nafasi ya watu wachache tu. Hapo ndipo wengi huvunjika mikono na mabega. Atakayepita salama atazunguka uwanja huo kwa zaidi ya nusu saa.

Pikipiki ya motokrosi ina uzito wa kilo 100 hivi. Haina taa, wala kiti cha abiria. Shokapu zake ni ndefu, ili ikitua kutoka juu isimvunje mgongo mwendeshaji. Mwendeshaji huvaa helmeti, miwani ya kuzuia matope, ngao ya kifua, vizuizi vya magoti na buti ngumu zinazofika karibu na goti. Vijana wa Katumba walipoyaona mavazi hayo walicheka sana. Mmoja alikuwa amevaa kandambili, na helmeti yake ameitundika kwenye usukani.

MWANA WA BINGWA

Stefan Everts alizaliwa tarehe 25 Novemba 1972. Baba yake, Harry Everts, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio hizo mara nne: mwaka 1975, kisha 1979, 1980 na 1981. Kwa hiyo mtoto alikulia katika harufu ya petroli, kama watoto wetu wanavyokulia kwenye majani ya chai.

Lakini kuwa mtoto wa bingwa hakumpi mtu ubingwa. Stefan alipata ubingwa wake wa kwanza wa dunia mwaka 1991, katika pikipiki ndogo za ujazo wa 125, akiwa na pikipiki ya Suzuki. Alikuwa na umri wa miaka 18. Wakati huo hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuwa bingwa wa dunia wa motokrosi akiwa mdogo kuliko yeye.

Baada ya hapo alisubiri miaka minne. Mwaka 1995 alishinda tena, safari hii katika pikipiki za 250, akiendesha Kawasaki. Mwaka 1996 na 1997 alishinda kwa Honda. Kisha ukaja wakati mgumu. Mwaka 1998 alishindwa na kijana wa Kifaransa, Sébastien Tortelli. Miaka miwili iliyofuata majeraha yalimweka nje. Wako waliosema kwamba Everts amekwisha. Angeweza kuacha, maana alikuwa na ubingwa mara nne kama baba yake, na hakuna ambaye angemlaumu.

Hakuacha. Mwaka 2001 alirudi na Yamaha katika pikipiki kubwa za 500, akawa bingwa. Akawa bingwa tena 2002, 2003, 2004, 2005 na 2006. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: ni mara 10. Kabla yake, aliyekuwa na ubingwa mwingi kuliko wote alikuwa Mbelgiji mwenzake, Joël Robert, aliyeupata mara 6.

Siku moja ya mwaka 2003, huko Ernée nchini Ufaransa, alifanya jambo la ajabu. Aliingia katika mashindano ya madaraja matatu kwa siku hiyo hiyo moja. Kila safari alishuka kwenye pikipiki moja akapanda nyingine yenye nguvu tofauti na uzito tofauti. Alishinda yote matatu. Wewe ukilima asubuhi, ukichuma chai mchana na kubeba kuni jioni, utaelewa kidogo mwili wake ulivyokuwa usiku ule.

Vijana waliniuliza siri yake ni nini. Wao walidhani ni mtu wa fujo, wa kukaza mafuta mpaka mwisho. Sivyo. Everts alisifiwa kwa utulivu wake. Alisimama juu ya vikanyagio karibu muda wote, magoti yamelegea kidogo, akiiacha pikipiki icheze chini yake wakati kichwa chake kinakwenda sawasawa. Alitumia gia kubwa na mzunguko mdogo wa injini, ili tairi lishike udongo badala ya kuuchimba. Mtu aliyemtazama alidhani anakwenda polepole, mpaka alipoangalia saa. Jambo hili hata wewe unaweza kulijaribu kwenye kilima cha matope: gia ya kwanza na mafuta mengi huchimba shimo, gia ya pili na mkono mtulivu hukupandisha. Mimi nilijifunza baada ya kuvunja taa mbili.

KUSTAAFU

Mwaka 2006 ulikuwa wa mwisho kwake. Alikuwa na umri wa miaka 33. Mwaka huo kulikuwa na mashindano makubwa 15, naye alishinda 14. Alipoacha, alikuwa ameshinda mashindano makubwa ya dunia 101. Rekodi hiyo ilikaa miaka mingi, mpaka mwaka 2023 alipoivunja Mholanzi Jeffrey Herlings.

Mimi napenda namna alivyoondoka. Wachezaji wengi hungoja mpaka wafukuzwe na goti au na vijana. Yeye aliondoka wakati bado hakuna anayemfikia. Alipewa kazi ya kusimamia waendeshaji wa kampuni ya KTM ya Austria, akaifanya kwa miaka kadhaa. Baadaye aliongoza timu ya Suzuki, mpaka kampuni hiyo ilipojitoa katika mashindano hayo mwishoni mwa 2017. Nyumbani alikuwa na mtoto wake wa kiume, Liam, aliyezaliwa 2004, naye akiwa amekwisha kupanda pikipiki.

Kwa hiyo mwaka 2018 ulipofika, mtu huyu alikuwa ameshapita hatari zake zote. Ameruka matuta kwa miaka mingi. Ameanguka, ameumia, amepona. Sasa ni baba mtu mzima anayemfundisha mwanawe.

SAFARI YA LUBUMBASHI

Novemba 2018 Everts alikwenda Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lubumbashi si mbali na akili zetu. Watu wa huko wanasema Kiswahili, na malori ya shaba yanayopita Tunduma na Mbeya kwenda Dar es Salaam hutoka upande huo. Ubelgiji iliitawala Kongo mpaka mwaka 1960, na watu wa nchi hizo mbili bado wanatembeleana. Everts alikwenda kwa ajili ya mbio za pikipiki za hisani, yaani za kuchangia wenye shida. Ilikuwa safari ya wema.

Alirudi nyumbani Ubelgiji, kisha akaugua. Desemba 2018 alilazwa hospitali akiwa mahututi. Ugonjwa ulikuwa malaria, tena malaria kali. Madaktari walimtia usingizini kwa dawa ili mwili wake upate kupigana. Watu waliokuwa wakifuata mbio zake kwa miaka yote walikaa wakingoja habari, hawajui kama bingwa wao ataamka.

Aliamka. Lakini damu haikuwa imefika vizuri kwenye ncha za miguu yake, na nyama ya huko ilikufa. Mwanzoni mwa 2019 madaktari walilazimika kukata sehemu za vidole vyake vya miguu.

Nilipofika hapo, kijana aliyeniuliza kuhusu kulipwa kwa kuanguka aliangalia mguu wake wa kushoto. Akasema polepole: "Sasa gia anaingizaje?"

Ndugu msomaji, kama hupandi pikipiki nitakueleza. Gia ya pikipiki iko mguu wa kushoto. Hizi zetu za mizigo nyingi zina kikanyagio cha mbele na cha nyuma, kwa hiyo hata kisigino kinafanya kazi. Pikipiki ya mashindano ina kikanyagio cha mbele tu. Ukitaka kupandisha gia unaingiza vidole chini yake, unanyanyua. Vidole vile vile vilivyonyanyua gia katika ubingwa mara 10 ndivyo vilivyokatwa, na sababu yake ni mdudu ambaye ukimweka kwenye mizani haonekani kuwa na uzito.

KWA NINI VIDOLE?

Watu wengi hudhani malaria ni homa na baridi tu. Ukimeza vidonge viwili vya maumivu, jasho likatoka, unasema umepona. Sikiliza inavyofanya kazi.

Mbu jike wa aina ya anofelesi anapokuuma usiku, anakuachia vimelea vidogo sana. Vimelea hivyo huenda kwanza kwenye ini, vikakaa humo siku kadhaa bila wewe kusikia lolote. Kisha vinaingia kwenye damu, kila kimoja ndani ya chembe nyekundu, vinazaana na kuipasua. Hapo ndipo homa inapoanza. Kwa kawaida ni siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi wiki mbili, na huweza kufika mwezi.

Aina mbaya kuliko zote, ambayo ndiyo nyingi kwetu Tanzania, ina tabia moja ya hatari. Chembe zilizoingiliwa hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu. Fikiria mfereji wa maji shambani uliojaa majani: maji hayafiki kwenye majaruba ya mwisho. Mishipa ya ubongo ikiziba, mtu anachanganyikiwa, mtoto anapata degedege. Figo zikikosa damu, mkojo unapungua na kuwa mweusi. Na msukumo wa damu ukishuka sana, ncha za mwili, yaani vidole, ndizo zinazokosa kwanza, kama jaruba la mwisho kabisa. Si wagonjwa wengi wanaopoteza vidole. Wengi wenye malaria kali iliyocheleweshwa hufa kabla ya kufika huko. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 peke yake malaria iliua watu 597,000, na wengi wao ni watoto wa Afrika walio chini ya miaka 5.

Sasa utaniuliza: mbona watu wa Lubumbashi wanaishi na mbu hao kila siku? Mtu aliyekulia penye malaria, akaugua mara nyingi tangu utotoni, mwili wake hujifunza kupigana nayo kiasi. Ataugua, lakini mara nyingi haitamwangusha kwa nguvu ile. Everts alitoka nchi isiyo na malaria. Mwili wake wenye nguvu za bingwa ulikuwa haujawahi kuonana na adui huyo.

SISI WA TUKUYU

Hapa ndipo nataka unisikilize kwa makini. Mji wa Tukuyu uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kyela iko chini kabisa, kando ya Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi. Baridi yetu ni rafiki. Vimelea vya malaria vinahitaji joto ili vikomae ndani ya mbu. Hewa ikiwa chini ya nyuzi 18 hivi, vinachelewa sana, na mara nyingi mbu hufa kabla havijakomaa. Kyela kuna joto na majaruba ya mpunga yenye maji. Huko vinakomaa kwa siku kumi na kitu.

Si kwamba Tukuyu hakuna malaria. Ipo, ila ni kidogo kuliko bondeni. Matokeo yake, mtoto wa Rungwe aliyekulia Isongole au Mwakaleli hana kinga kubwa kama mwenzake wa Ipinda. Anaposhuka kwenda kuvuna mpunga au kununua kakao, akalala wiki mbili kwenye kibanda cha shambani bila chandarua, yeye ni kama Everts aliyekwenda Lubumbashi. Tofauti ni kwamba Everts alipanda ndege, na huyu amepanda daladala kwa safari isiyofika siku moja.

Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo. Mwaka mmoja nilikaa Kyela siku kumi katika kazi ya mpunga. Chumba nilicholala kilikuwa na chandarua chenye tundu la kupita ngumi. Nilijua, nikalala. Nilirudi Tukuyu nikiwa mzima. Siku ya tisa nikasikia baridi mgongoni. Ilikuwa Juni, mwezi ambao hapa kila mtu anasikia baridi mgongoni, kwa hiyo nikavaa koti la pili. Nikameza dawa za maumivu siku tatu. Siku ya nne nikapanda pikipiki kwenda kwa wakulima wa viazi, na kwenye mteremko mdogo, njia kavu kabisa, nikaona miti inazunguka. Wakulima walionikuta walidhani nimelewa. Nasikia wapo wanaodhani hivyo mpaka leo.

Kwenye zahanati, muuguzi hakuniuliza kwanza naumwa wapi. Aliniuliza: "Bwana shamba, wiki tatu hizi ulilala wapi?" Nilipotaja Kyela, alinitoboa kidole mara moja. Kipimo kilionyesha malaria katika dakika chache. Nikapewa dawa ya mseto: mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, pamoja na chakula. Siku ya pili nilijisikia mzima, nikataka kuacha. Mke wangu ndiye aliyenisimamia na kikombe cha maziwa mpaka kidonge cha mwisho. Ukiacha katikati, vimelea vilivyobaki vinarudi.

Swali lile la muuguzi ulikumbuke. Mganga wa mahali pa baridi akiona homa, anaweza kufikiria mafua au kichomi kwanza, na halaumiwi. Wewe ndiye unayejua ulikolala. Ukipata homa ndani ya mwezi mmoja au hata miwili baada ya kutoka Kyela, Usangu, Kilombero au Kongo, useme kabla hujaulizwa, na uombe kupimwa siku hiyo hiyo. Usimeze dawa ya malaria bila kupima, maana homa nyingine si malaria. Na ukimwona mgonjwa anasema maneno yasiyoeleweka, anatapika kila kitu, anashindwa kukaa, anapumua kwa shida, au ana macho ya manjano na mkojo mweusi, hapo si suala la vidonge tena. Huyo anahitaji sindano hospitali, na saa moja ni nyingi. Hiyo ndiyo kazi bora ya bodaboda.

Everts alijifunza kutembea upya. Alirudi uwanjani, akasimama kando ya njia, akamfundisha Liam. Mwaka 2023 Liam alishinda shindano lake la kwanza kubwa la dunia, katika daraja la vijana. Babu, baba na mjukuu wote wakawa wameshinda.

Vijana wa Katumba walibishana kidogo kama mtu anaweza kupandisha gia kwa kisigino kwenye pikipiki ya mashindano. Kisha abiria wakaja, wakatawanyika. Yule mwenye kandambili alibaki nyuma. Alisema Jumatatu anashuka Ipinda kubeba magunia ya mpunga, atakaa huko mwezi mzima. Akaniuliza chandarua cha mtu mmoja kinakunjwa kuwa kikubwa kiasi gani. Nilimwonyesha kwa mikono: kama mkate.

Jumatatu asubuhi nilimpita kwenye mteremko wa Ushirika. Alikuwa amevaa viatu, na helmeti iko kichwani. Nyuma ya kiti kulikuwa na kidumu cha petroli, na juu ya kidumu, kimefungwa kwa mpira wa tairi, kifurushi cheupe. Alinipigia honi.